Kigoda cha Mgeni

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Mikelenge, hapa Kindu, mkoa wa Maniema nchini Kongo, na chakula changu kinatoka kwenye milango, vitanda, madawati ya shule na majeneza. Mbao zangu nyingi ni za muvula, yaani mvule, na nyingine huvushwa kwa mtumbwi kutoka Alunguli, ng'ambo ya Lualaba. Natangulia kusema hivyo ili msomaji ajue kwamba anayemsimulia si shehe, si padri, wala mwalimu wa chuo kikuu. Niliyoyajua kuhusu Mungu wa Wahindu niliyajua nikiwa na randa mkononi, na mpaka leo nayaelewa kwa njia ya mbao.

Vita vilipoingia Kindu mwezi wa kumi mwaka 1998, nilikuwa kijana ambaye hajaoa. Nilitoka kwa miguu, nikazunguka mpaka Nairobi, na huko nikapata kazi katika karakana ya samani ya familia moja ya Wahindu ambao mababu zao walitoka Gujarat. Nilikaa nao zaidi ya miaka 4. Mwenye karakana, mtu mwembamba aliyekuwa amevuka miaka 60, sote tulimwita Mzee. Yeye aliniita fundi, hata siku alizokasirika.

Ofisini mwake, juu ya kabati la mafaili, palikuwa na Ganesha wa shaba, kimo chake kama kiganja: tumbo la mtu aliyeshiba, kichwa cha tembo, mikono minne, pembe moja nzima na nyingine imekatika. Kila asubuhi, kabla ya kufungua daftari lolote, Mzee alivua viatu, akawasha ubani, akapiga kengele ndogo, akaweka ua na kipande cha sukari guru, akaunganisha viganja na kuinamisha kichwa.

Mtu wa Maniema hawezi kumwangalia tembo bila kukumbuka. Pembe ndizo zilizoleta misafara Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, na pembe hizo zilitelemshwa mpaka pwani mabegani mwa watu, wengine wao watumwa. Zilipofika Unguja zililipiwa ushuru, na forodha ya Sultani kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa nyumba ya mfanyabiashara Mhindu, Jairam Shivji, ambayo baadaye ilisimamiwa na Ladha Damji. Nyingi zilivuka bahari hadi Bombay, zikakatwa bangili za maharusi wa Gujarat na Kutch. Nilipomweleza Mzee kwamba natoka Maniema, akalitambua jina hilo kwa sababu ya pembe. Akaniambia bibi yake alivaa bangili za namna hiyo siku ya harusi. Tulinyamaza kidogo, kila mmoja na mawazo yake, kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Siku moja nikapata ujasiri. "Mzee, huyu ndiye Mungu?"

"Huyu ni Ganesha," akasema. "Mungu hana umbo." Kisha akamwekea sukari yake.

Nilirudi kwenye meza yangu ya kazi nikiwa nimevurugika. Kama Mungu hana umbo, sukari hiyo anapewa nani? Ilinichukua miaka kuelewa kwamba Mzee alikuwa amenijibu sawasawa, na kwamba Wahindu wenyewe wamelijadili jambo hilo kwa zaidi ya miaka 2,000 bila kulifunga.

Wana maneno yao mawili. Mungu kama nirguna ni yule asiye na sifa yoyote: hana rangi, hana upande, hana mwanzo, si mwanamume wala mwanamke. Ukimtajia sifa, wanakwambia si hivyo. Ukitaja nyingine, si hivyo pia, mpaka maneno yakuishie. Jina la huyo ni Brahman. (Msomaji asichanganye na Brahma, ambaye ni mmoja wa miungu, wala na brahmin, mtu wa tabaka la makuhani. Mimi nilichanganya kwa mwaka mzima.) Mungu kama saguna ni huyohuyo mmoja, ila sasa ana sifa: ana jina, ana uso, anapenda, anasikia akiitwa. Anaweza kuwa Shiva, au Vishnu, au Mama anayeitwa Durga, au mtoto Krishna anayeiba siagi jikoni.

Mzee alipenda kunisimulia kisa kimoja kutoka Brihadaranyaka Upanishad, maandiko ya kale sana. Mwenye hekima Yajnavalkya anaulizwa: miungu ni wangapi? Anataja hesabu kubwa ya maelfu. Muulizaji anarudia: ndiyo, lakini ni wangapi hasa? Sasa ni 33. Hasa kabisa? Ni 6. Anaendelea kubanwa: 3, halafu 2, halafu mmoja na nusu, mwisho mmoja. Kilichonifurahisha ni kwamba jibu la kwanza halikufutwa wala kuitwa uongo. Muulizaji aliendelea tu kukaza swali, kama fundi anavyokaza jiliwa, mpaka kitu hakisogei tena.

Nilidhani basi Wahindu wote wanasema hivyo. Hapo ndipo nilipomfahamu karani.

Karani wa mahesabu alikuwa Mhindu pia, Mpunjabi, ambaye babu yake alikuja Kenya na ujenzi wa reli. Nilimpenda haraka, kwa sababu baba yangu alifanya kazi ya reli hapa Kindu, na watoto wa reli tunatambuana. Huyu karani alikuwa anaingia ofisini kila asubuhi, anapita mbele ya Ganesha kama mtu anayepita mbele ya pasi. Hakuinama. Hakuwahi. Kumbe alikuwa wa Arya Samaj, chama ambacho kipo Nairobi tangu mwaka 1903, reli ikiwa ndiyo kwanza imekamilika na mji wenyewe bado ni mabati na tope. Kwao hakuna murti, yaani umbo la Mungu la kuchongwa au kufinyangwa, hata moja. Wanakusanyika kuzunguka moto, wanamimina samli na mchanganyiko wa majani ya manukato, wanasoma maneno ya Veda, maandiko yao matakatifu ya kale, wanakwenda zao.

Aliyekianzisha chama hicho Bombay mwaka 1875 ni Dayananda Saraswati, mtu wa Gujarat kama mababu wa Mzee. Karani alinisimulia utoto wake kwa hisia, kana kwamba yeye mwenyewe alikuwepo. Usiku wa sikukuu ya Shiva, kijana alikesha hekaluni na wazee. Wazee wakasinzia. Panya wakatoka, wakapanda juu ya jiwe la Shiva, wakala sadaka iliyowekwa pale. Kijana akajiuliza: huyu anayeilinda dunia nzima anashindwa kujikinga na panya? Hakurudi tena kwenye imani hiyo, na alipokuwa mtu mzima alifundisha kwamba Veda hazijui Mungu mwenye umbo, na kwamba murti ni mzigo uliowekwa juu ya dini baadaye.

"Mzee ni mtu mwema," karani alisema, "lakini analisha shaba."

Mzee alisikia. Kuta za ofisi ile zilikuwa za mbao nyembamba, mimi mwenyewe nilizipiga misumari. Hakukasirika. Wakati wa chai alitusimulia wote wawili habari za Arjuna, kutoka Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Arjuna, mpiganaji, ana rafiki anayemwendeshea gari la vita, naye ni Krishna, Mungu aliyejifanya mtu. Arjuna anaomba amwone jinsi alivyo hasa. Anapewa macho ya kuonea. Anachokiona kinamtetemesha: nyuso zisizohesabika, moto, majeshi yote yanaingia vinywani, hakuna mwanzo wala mwisho. Anaomba msamaha, anasihi: rudi, tafadhali, uwe yule ninayemjua. Na Krishna anarudi kwenye umbo la rafiki. Baada ya hapo Arjuna anauliza hasa lile swali letu: nani anafuata njia bora, anayekupenda hivi ulivyo mbele yangu, au anayemtafuta asiyeonekana? Jibu ni kwamba wote wawili wanafika, ila njia ya asiyeonekana ni ngumu zaidi kwa sisi tulio na miili.

Karani akasema ugumu si sababu ya kuacha njia. Mzee akasema mwili nao ni kazi ya Mungu. Waliendelea hivyo kwa miaka yote niliyokaa nao, na jioni karani alimpakia Mzee kwenye gari lake wakaenda nyumbani pamoja, kwa sababu walikuwa majirani.

Niliporudi Kindu padri mmoja mzee aliniachia vitabu vyake vya Kifaransa, na ndani yake nikakuta kwamba ubishi wa ofisi yetu ulikuwa na babu zake. Shankara, wa yapata karne ya 8, alifundisha kwamba ukweli wa mwisho ni Brahman asiye na sifa. Umbo ni ngazi, nzuri na ya lazima kwa wengi, lakini aliyefika juu haibebi ngazi. Ramanuja, wa karne ya 11 na 12 huko kusini mwa India, alikataa. Mungu bila wema, bila huruma, bila uzuri? Hizo ni sifa, na ndizo zinazomfanya apendwe. Wafuasi wa njia ya Ramanuja wana fundisho ambalo nimelisoma mara nyingi kuliko yote: kwamba Mungu, kwa mapenzi yake, anakubali kushuka mpaka ndani ya murti na kujiweka mikononi mwa watu, aamshwe, aoshwe, avishwe, alishwe, alazwe. Mwenye uwezo wote anakubali kusubiri uji. Mimi niliyelea watoto 5 siwezi kulisoma jambo hilo bila kuguswa.

Mke wangu ni wa ukoo wa Waungwana wa Kasongo, Waislamu tangu enzi za misafara. Mimi nilibatizwa Mkatoliki. Nimekua nikimwona Bikira Maria wa chokaa ananyunyiziwa maua mwezi wa tano. Kwa hiyo swali la umbo liko mezani kwetu kila siku, pamoja na sombe na samaki. Shemeji yangu, anayefundisha watoto Kurani, alinisikiliza siku moja mpaka mwisho, kisha akasema: "Shemeji, sanamu ni sanamu."

Naliheshimu neno lake, na nadhani karani wangu angempa mkono. Lakini neno sanamu linanisumbua. Ukilitamka, umeshahukumu: unamaanisha kipande cha mti kilichochukua nafasi ya Mungu. Sijamkuta Mhindu hata mmoja anayedai mti ndio Mungu. Murti ikitoka kwa mchongaji bado ni bidhaa, inapakiwa katika majani makavu na kupigwa bei. Inapokwenda kuwekwa mahali pake hufanyiwa ibada ya kuialika pumzi, prana pratishtha, na macho hufunguliwa mwishoni. Baadaye ikivunjika vibaya, haikusanywi kama maiti ya Mungu. Mara nyingi hutolewa kwa heshima na kupelekwa majini. Aliyealikwa hajavunjika.

Nilimweleza shemeji pia habari za Ram Mohan Roy wa Bengal, Mhindu wa tabaka la makuhani aliyesoma Kiarabu na Kiajemi. Mwanzoni mwa karne ya 19 aliandika kitabu kidogo kwa Kiajemi, na dibaji yake kwa Kiarabu, akikipa jina lenye maana ya zawadi kwa wanaompwekesha Mungu. Mwaka 1828 akaanzisha Kolkata jumuiya ya ibada isiyo na murti, Brahmo Samaj. Na kabla yake, katika karne ya 15, alikuwepo Kabir wa Banaras, mfumaji aliyelelewa katika nyumba ya wafumaji Waislamu, aliyemwita Mungu kwa jina la Ram na kusema Ram wake hana mwili. Shemeji alichukua kalamu ya mtoto akaandika jina la Roy nyuma ya daftari. Hakusema kitu kingine, nami sikumwongezea.

Lakini ngoja niseme kwa nini mambo haya yalinishika mimi, wakati mafundi wenzangu Nairobi waliona tembo wa shaba tu wakaendelea na kazi.

Sisi ni Walega, asili yetu ni Pangi. Babu yangu mzaa baba alifika daraja la kindi, ambalo ndilo la juu kabisa katika Bwami, chama chetu cha jadi cha mafundisho, na mtu wa kindi alikuwa na haki ya kumiliki iginga, umbo dogo la pembe. Maginga hayakuwa miungu. Mungu wetu wa zamani, Kalaga, hakuchongwa na mtu. Iginga lilikuwa na jina lake na fundisho lake: lilitolewa kwenye mfuko, likawekwa chini, likachezewa, likaimbiwa, na anayefundishwa akajifunza namna ya kuwa mtu. Kuna moja linaloitwa Sakimatwematwe, lenye vichwa vingi vinavyotazama kila upande. Linafundisha habari za mtu anayeona pande zote kabla ya kuamua.

Wageni walipoyaona, waliona sanamu za kuabudiwa. Serikali ya Wabelgiji iliupiga Bwami marufuku mwishoni mwa miaka ya 1940. Vitu vya wazee vilifichwa, vilichomwa, viliuzwa. Mamia yako leo katika makumbusho, Tervuren karibu na Brussels na kwingineko, nyuma ya vioo. La babu yangu lilichukuliwa baba akiwa mtoto. Alikuwa akiniambia lilikuwa laini kwa kupakwa mafuta, na rangi yake kama asali. Hakuwahi kusema lilikuwa na vichwa vingapi, na nilipokuwa na akili ya kuuliza, alikuwa ameshakufa.

Kwa hiyo siku Mzee aliponionyesha picha ya Shiva mwenye nyuso nyingi na mungu mama mwenye mikono minane, sikucheka. Nilielewa mara moja kazi ya mchongaji. Huwezi kuchonga uwezo. Unaweza kuongeza mkono. Huwezi kuchonga kujua yote, ila unaweza kuongeza uso. Mikono ile inasema kwamba mikono miwili haitoshi kumweleza huyu.

Mwezi wa nane mwaka 1999 lilifunguliwa Nairobi hekalu kubwa la Swaminarayan, mawe na mbao zake zimechongwa kwa mkono. Mzee alitupeleka mafundi wote tukaone, akisema hatutaona uchongaji kama ule tena. Nilishika nguzo moja kwa kidole, nikafuata jani lililochongwa mpaka likaishia nyuma ambako hakuna jicho linalofika, nalo nyuma lilikuwa limemalizika vilevile. Hapo nikasikia fundisho la tatu. Wafuasi wa Swaminarayan, aliyeishi tangu 1781 hadi 1830, hawasemi kama Mzee kwamba Mungu hana umbo ila anakubali kuvaa moja. Wanasema Mungu ana umbo la milele, la nuru, na hajawahi kuwa bila umbo hilo. Katika mji mmoja, basi, Mhindu mmoja anakwambia Mungu hana umbo kabisa, mwingine anasema analo siku zote, na katikati yupo Mzee wangu na sukari guru yake. Wote wanaitwa Wahindu, na wote walinunua vitanda kwetu.

Mimi nilisimama na nani? Nilipokuwa Nairobi nilijiona niko na karani, kwa sababu hoja ya panya ni nzito na sijapata wa kuijibu kikamilifu. Miaka ilivyopita nimesogea. Kilichonisogeza ni kigoda.

Mwezi wa tisa, mwaka wangu wa mwisho pale, Mzee aliniagiza kigoda cha mvule, miguu minne, kimo cha goti, bila msumari hata mmoja. Nilimuuliza cha nani. Akasema cha mgeni. Ilikuwa sikukuu ya Ganesha, na mwaka ule wajukuu wake walimfinyanga wenyewe kwa udongo, hapo uani karakana, mkonga ukidondoka mara mbili kwa sababu udongo ulikuwa na maji mengi. Walimpaka manjano na nyekundu. Mzee akasoma maneno ya kumwalika, na kwa siku moja na nusu yule wa udongo akawa mkubwa wa nyumba: akaimbiwa, akapewa vitumbua vitamu vya nazi, akapepewa. Sisi mafundi tulipewa vitumbua hivyo baadaye, vikiwa vimeshakuwa baraka. Karani alikula viwili.

Jioni ya pili wakamuaga. Nairobi haina bahari, kwa hiyo walileta ndoo kubwa ya maji. Mzee akamshusha polepole kwa mikono miwili. Rangi ikaachia kwanza, ikaelea kama mafuta. Halafu masikio, halafu mkonga, na mtoto mdogo akalia kwa sauti. Mama yake akamwambia hajafa, amerudi alikotoka. Asubuhi maji yale yalimwagwa kwenye maua ya ukutani, na chini ya ndoo palibaki tope tupu, kama lile linalobaki Lualaba ikipwa.

Siku hiyo Mzee alifika kazini saa moja. Kigoda kilikuwa palepale uani, kitupu, na alama ya mviringo ya udongo mkavu katikati. Akavua viatu, akaunganisha viganja, akainama mbele yake.

Karani alikuwa anashuka kwenye gari. "Leo umesali kama mimi," akamwambia.

"Ndiyo," Mzee akajibu.

Nikauliza kama nikipanguse nikipeleke stoo. Akakitazama kidogo, akavaa viatu vyake. "Kipanguse, fundi," akasema. "Ila kiache hapo."